Pumua Kabla ya Kujibu: Mazoezi kwa Dalali wa Ardhi

Huu ni mwaka wangu wa 11 kwenye udalali wa ardhi na nyumba, kuanzia Kawempe, jijini Kampala, Uganda, kupitia Matugga hadi Bombo. Wateja wangu wengi tunaelewana kwa Kiswahili: Wanubi wa Bombo, wanajeshi na wastaafu, wafanyabiashara wa Arua, Wakongo, Wakenya. Mazoezi ninayoeleza hapa yameniokoa na ulimi wangu mwenyewe, na ningependa kila dalali anayeanza ayapate mapema kuliko nilivyoyapata mimi.

Mwaka wa tatu wa kazi nilimpeleka mfanyabiashara mmoja wa Arua kuona kiwanja cha futi 50 kwa 100. Jua kali, kodi ya nyumba yangu imechelewa, na kamisheni nilishaipigia hesabu kabla hatujashuka kwenye gari. Akaniuliza, "Kaka, hapa hakuna mtu mwenye kibanja?" yaani mtu anayekaa au kulima kwa haki yake kwenye ardhi yenye hati ya mwingine. Hajamaliza, nikamjibu: "Hakuna, kiwanja ni safi." Akatoa arubuni siku hiyo hiyo. Siku ya kupima, mama mmoja mzee alitokea kwenye migomba ameshika mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na risiti za miaka na miaka za busuulu, kodi ya mwaka ambayo mwenye kibanja humlipa mwenye hati, zimekunjwa moja moja. Na pale pale miguuni petu palikuwa na mstari wa oluwaanyi, mmea ambao Waganda huupanda kuonyesha mpaka. Nilikuwa nimeuruka mara mbili bila kuuona. Ile arubuni ilinichukua miezi minne kuirudisha.

Sikukusudia kumdanganya yule mfanyabiashara wa Arua. Pupa ilijibu kabla yangu. Ndipo nikaanza kutafuta namna ya kuitanguliza akili mbele ya mdomo.

Hatua ya 1: Jifunze pumzi ukiwa nyumbani

Fanya alfajiri, kabla ya kugusa simu. Mimi hufanya nikimaliza swala, palepale kwenye mkeka. Wenzangu Wakristo hufanya baada ya sala zao. Haligombani na dini ya mtu.

Kaa mgongo wima, kiganja kimoja juu ya kitovu. Vuta hewa kwa pua ukihesabu mpaka 4, tumbo likiinua kiganja. Itoe polepole ukihesabu mpaka 6. Mzunguko mmoja ni kama sekunde 10, kwa hiyo unapumua mara 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20. Endelea kwa dakika 5. Akili ikikimbilia deni au mteja wa jana, na itakimbia, irudishe kwenye tumbo bila kujigombeza. Kule kuirudisha ndiko zoezi lenyewe. Ukiirudisha mara 40 umefanya kazi nzuri.

Ukitaka kuhakikisha kwamba kuna kitu kinatendeka, shika mshipa wa kifundo cha mkono. Ukivuta hewa, mapigo huongeza mwendo kidogo. Ukiitoa taratibu, yanapungua. Ni kazi ya neva ya vegasi, inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni na kuupa mwili ishara ya kutulia. Ndiyo sababu kutoa hewa kunachukua muda mrefu kuliko kuivuta.

Ukihisi kizunguzungu, acha na upumue kawaida. Mwenye pumu, mwenye ugonjwa wa moyo au mjamzito asizuie pumzi kifuani; kuvuta na kutoa taratibu kunatosha.

Hatua ya 2: Simu

Ikilia, usiipokee papo hapo. Iache ilie mara mbili, toa hewa yote, kisha pokea. Basi. Mteja hatambui chochote, ila sauti yako inashuka na unasikia jina lake anapolitaja.

Hatua ya 3: Njiani

Foleni ya Kawempe ndipo madalali wengi tunapoharibikiwa. Unafika kwa mteja umeshagombana na kondakta na watu watatu kwenye simu. Ukiwa ndani ya taksi, weka simu mfukoni na uhesabu pumzi 10 za nne kwa sita, macho wazi. Ukiwa juu ya bodaboda usihesabu kitu. Shikilia vizuri, angalia barabara. Hesabu zako zifanye ukishashuka, kabla ya kumsalimu mteja.

Hatua ya 4: Tembea kiwanja kimya kimya

Hapa ndipo ningekuomba uweke nguvu zako zote.

Fika nusu saa kabla ya mteja. Simama kwenye kona moja, pumua mara tatu, kisha zunguka mpaka wote polepole bila kuongea na mtu. Macho kwanza: mawe ya mpimaji yapo yote manne? Kuna oluwaanyi? Kuna mibuni iliyopogolewa msimu huu? Mti uliopogolewa una mwenyewe. Kuna kaburi kichakani? Kisha miguu: udongo unabonyea? Karibu na mabonde ya Wakiso, udongo unaobonyea wakati wa kiangazi utakuwa maji mwezi wa nne. Kisha masikio: kinu cha mahindi, baa, barabara. Kisha pua.

Ukimkuta mtu, msalimu vizuri kwa Kiganda na umwache aongee. Ardhi ya mailo, iliyotokana na Mkataba wa Buganda wa 1900, inaweza kuwa na hati ya mtu mmoja na kibanja cha mwingine, na sheria ya ardhi ya 1998 inamlinda huyo wa kibanja. Kwenye karatasi ya ofisi ya ardhi mwenye kibanja anaweza asionekane. Kwenye kiwanja anaonekana, kwa anayetembea taratibu.

Wanaouza nao uwaangalie hivyo hivyo. Mara moja mwenye shamba alikuwa akitaja bei huku mkewe amesimama mlangoni, amekunja kanga mkononi, kimya. Zamani nisingemwona. Siku ile nilinyamaza, nikamgeukia: "Na wewe mama, unasemaje?" Alikuwa hajaambiwa chochote. Ardhi ambayo familia inaishi au inategemea haiuzwi bila idhini ya mwenzi, hivyo swali lile moja lilituepusha sote na kesi.

Hatua ya 5: Swali gumu

Mteja akiuliza jambo linaloweza kuvunja biashara, utahisi kitu mwilini kabla hujasema neno. Kwangu ni koo kukauka. Kwako labda ni tumbo au viganja. Kijue. Kikitokea, funga mdomo na utoe hewa mpaka 6. Ndipo useme lililo kweli.

Mkongo akiniuliza kama atapata hati ya mailo, napumua kwanza pale mbele yake, kisha namweleza: asiye raia wa Uganda hamiliki mailo wala firihodi (umiliki wa moja kwa moja usio na kikomo), anapata lizi, yaani ukodishaji wa muda, isiyozidi miaka 99. Akiuliza kama 50 kwa 100 ni desimali 12 (desimali ni sehemu moja ya mia ya eka) kama tulivyozoea kuita sokoni, namwambia ni kama 11 na nusu. Na nisichokijua nasema, "Hilo nitalitafuta, nikupigie kesho." Wengine huondoka. Waliobaki wameniletea ndugu zao.

Hatua ya 6: Bei

Ukitaja bei, nyamaza. Mteja atatazama chini, atacheza na funguo, na wewe utatamani kupunguza milioni mbili bila kuombwa. Pumua mara tatu kamili. Mara nyingi ni yeye atakayeongea, na utajua kinachomsumbua kama ni pesa, barabara au shemeji yake.

Hatua ya 7: Jioni

Andika mstari mmoja kwenye daftari: wapi leo nilijibu kabla ya kupumua. Usiandike zaidi ya hapo.

Usianze hatua zote kwa pamoja. Wiki ya kwanza chukua pumzi za alfajiri na simu, wiki ya pili ongeza kutembea kiwanja. Swali gumu liache mpaka mwezi uishe, kwa sababu mwili unahitaji kuizoea pumzi ukiwa umetulia ndipo uikumbuke mtu anapokuuliza, huku ameshika arubuni mkononi, kama kuna mwenye kibanja.