Namna ya Kufanya Kazi na Fundi Ujenzi kwa Maelewano

Ugomvi mwingi kati ya mwenye nyumba na fundi hautokani na ubovu wa kazi, bali hutokana na jambo ambalo kila mmoja alilielewa kwa namna yake na hakuna aliyeliandika. Kwa hiyo, kabla kazi haijaanza, kaeni pamoja mbele ya ramani, mwandike kazi ipi itafanyika na ipi haimo, nani atanunua vifaa na vya aina gani, nani ataondoa kifusi, na kila hatua inatarajiwa kukamilika lini. Kuandika tu kwamba fundi atamalizia bafu hakutoshi, kwani yeye huenda akaishia kwenye vigae, ilhali wewe umehesabu pia bomba, sinki na rangi ya dari.

Malipo yafuate hatua za kazi, si tarehe. Malipo ya awali yatosheleze mahitaji ya hatua ya kwanza tu, na mkubaliane mapema kiasi kitakachobakizwa hadi kasoro zirekebishwe; kwa kawaida huwa asilimia 5 hadi 10. Nawe timiza upande wako: hatua ikikamilika na ukairidhia, lipa bila kuchelewa, kwa sababu fundi ana vibarua wanaosubiri ujira wao, na asipolipwa ataenda kwenye kazi nyingine.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kuamua mapema. Kuhamisha swichi kwenye mchoro ni kufuta mstari mmoja tu, lakini kuihamisha baada ya lipu ni kuchimba ukuta, kupitisha waya upya, kuziba na kupaka rangi tena. Chagua sinki kabla bomba halijapitishwa, na vigae kabla sakafu haijasawazishwa, kwa kuwa unene wa kigae ndio unaoamua mlango utakatwa kwa kimo gani. Ukilazimika kubadili nia, muulize fundi badiliko hilo litagharimu kiasi gani, litaongeza siku ngapi na litagusa kazi gani nyingine. Kisha majibu yake yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu, kabla hajaanza kulitekeleza.

Kagua kwa makini zaidi yale yatakayofunikwa: nondo kabla ya kumwaga zege, waya na bomba kabla ya lipu. Bomba za maji zijaribiwe kwa shinikizo zikiwa bado wazi, na ukuta upigwe picha huku futi kamba ikiwa imenyooshwa kando yake, ili atakayetoboa ukuta huo miaka ijayo ajue pa kuepuka. Wala usimharakishe fundi panapohitaji muda. Zege haliwi gumu kwa kukauka, bali kwa saruji kuungana na maji. Ndiyo maana humwagiliwa kwa angalau siku 7, na nguvu yake hupimwa kwa kawaida ikifika siku ya 28. Kumshinikiza aondoe mapema mbao zinazolibeba ni kuhatarisha maisha ya watu.

Maelekezo yote yapitie kwa fundi mkuu, kwa maana kibarua aliyepewa amri mbili hana namna ya kuzitii zote. Ukiona kosa, mwite kando, mwonyeshe mahali penyewe na ramani mkononi, na umsikilize kwanza, kwani mara nyingine ana sababu ya kitaalamu ambayo hukuijua. Kumkaripia mbele ya vijana wake kunamvunjia heshima anayoihitaji ili kuwasimamia.

Siku ya kukabidhiana, piteni chumba kwa chumba. Fungua kila bomba, washa kila taa, funga kila mlango na dirisha, na umwage maji sakafuni mwa bafu uone kama yanaelekea kwenye tundu lake. Kasoro zote ziorodheshwe kwa tarehe ya kurekebishwa. Pokea funguo, vigae vilivyobaki na ramani inayoonyesha mabadiliko yaliyofanyika, na kasoro zikishamalizwa, mlipe fundi kiasi kilichobaki.