Mwachieni mtoto daftari la klabu

Walimu walezi wa klabu za 4-K (Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya), zile klabu za kilimo shuleni, jaribuni hili: hesabu ya sukuma wiki inayouzwa kutoka bustani ya klabu iandikwe na mwanafunzi, awe ndiye mweka hazina. Pesa zenyewe zifungiwe ofisini. Kila mwisho wa mwezi, mweka hazina asimame asomee wenzake kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, na yeyote amuulize swali, hata wa Gredi ya 4. Mwalimu akae nyuma, asimjibie. Uwajibikaji hujengeka hapo kuliko kwenye kukariri maana yake. Muhula ukiisha, wanafunzi wachague viongozi wapya kwa kura ya siri, vikaratasi vihesabiwe mbele ya wote. Aliyeongoza ampishe mwingine, hata akiwa hodari. Wale wapole nao wanastahili zamu.