Kufunga Bluetooth kwenye gari lililotoka Japani: pima waya, usiamini rangi

Ukitoka Dodoma kwenda Iringa kwa njia ya Mtera, stesheni uliyozoea inakuaga njiani, spika zinabaki zinakwaruza. Mkono unatafuta simu uweke muziki, na simu nayo inaita. Mkono mmoja uko kwenye usukani, macho yako kwenye kioo cha simu, na mbele kuna mchungaji anavusha ng'ombe. Kwa sababu ya sekunde hizo mbili tatu, kazi ya kuunganisha simu na redio ya gari siichukulii kama urembo.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dodoma. Nitaeleza ninavyofanya kwenye Toyota zilizotumika zilizoletwa kutoka Japani, kwa kuwa ndizo nyingi mitaani kwetu. Ukiwa na aina nyingine, utaratibu ni ule ule ila soketi za redio zinatofautiana.

Hatua ya 1: Hakikisha huna tayari

Redio nyingi za Kijapani zenye ramani zina Bluetooth ndani, ila menyu yake ni ya Kijapani na mwenye gari hajui. Tafuta kitufe kilichoandikwa TEL, au alama ya simu kwenye usukani, au neno Bluetooth lenyewe, ambalo Wajapani huliandika kwa herufi hizi hizi zetu. Menyu iliyobaki isome kwa kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri.

Mama mmoja alikuja nimng'olee redio nimwekee ya kisasa. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kiti, nikabonyeza TEL, nikaunganisha simu yake. Haikufika dakika kumi. Akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, miaka yote hii ilikuwa humu humu?" Ilikuwa humu humu. Alikwenda na pesa yake.

Kama Bluetooth haipo, kagua ndani ya kidroo cha abiria na kwenye kiboksi cha katikati ya viti. Unatafuta tundu la AUX, yaani la kuingizia sauti kwa waya, au matundu matatu ya njano, nyeupe na nyekundu yaliyoandikwa VTR. Nyeupe na nyekundu ni sauti ya kushoto na kulia. Hilo ni lango la muziki ambalo wengi hawajawahi kuligusa.

Hatua ya 2: Chagua njia inayolifaa gari lako

Njia rahisi ni modulata ya FM, kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Kinapokea muziki kutoka kwenye simu, kisha kinaurusha kama stesheni ndogo. Hapa watu wengi hukwama, na sababu iko Japani. FM ya kule huanzia megahezi 76 na redio nyingi za zamani huishia 90, wakati yetu ni 87.5 hadi 108. Ukiiweka modulata kwenye 101, redio ya Kijapani haifiki huko kabisa. Zinapokutana ni kati ya 87.5 na 90 tu, kwa hiyo tafuta humo sehemu isiyo na stesheni.

Kama gari lilishafungwa konvata ya FM kwenye waya wa antena, hesabu inabadilika tena, maana konvata inashusha namba. Ikiwa yako inashusha 16, modulata iliyo kwenye 100 utaisikia redio ikiwa kwenye 84. Wengi wanatupa modulata nzima kwa kutojua hesabu hii ndogo.

Modulata inatosha kwa mtu wa safari fupi za mjini. Kwa simu siipendi: maiki yake iko chini karibu na gia, mbali na mdomo, na unayeongea naye anasikia injini kuliko anavyokusikia wewe.

Njia ya pili ni kipokezi kidogo cha Bluetooth kinachoingia kwenye AUX au VTR. Sauti ya muziki ni safi zaidi kwa sababu inapita kwenye waya. Ila uliza kabla ya kununua. Bluetooth hubeba muziki kwa utaratibu mmoja na mazungumzo ya simu kwa utaratibu mwingine, na vipokezi vingine vina ule wa muziki tu. Kama hakina maiki, simu hautapokelea hapo.

Njia ya tatu ni kubadili redio. Hii ndiyo yenye kazi, na ndiyo nitakayoikalia.

Hatua ya 3: Pima nafasi, kisha fungua

Redio nyembamba ina upana wa milimita 180 na kimo cha 50. Nene ni 180 kwa 100. Toyota nyingi zina nafasi ya 200 kwa 100, kwa hiyo ukileta ya 180 utahitaji vipande vya pembeni vya kuziba. Ukinunua ya 200 inakaa kama iliyozaliwa nayo.

Kabla ya kugusa betri: kama redio ya zamani yenye ramani itabaki kwenye gari (umechagua njia ya pili, kwa mfano), usichomoe temino, yaani vichwa vya waya vinavyobana betri. Baadhi ya redio hizo zikikosa umeme hujifunga na kudai namba ya siri au kadi yake ya awali, na hapo utazunguka mji mzima.

Fremu ya plastiki inayozunguka redio hushikwa na klipu. Jua la Dodoma limeshazikausha, kwa hiyo usivute kona moja kwa hasira. Zungushia bisibisi bapa kitambaa, legeza kidogo kila upande, kisha vuta kwa mikono miwili. Gari likiwa limelala kivulini plastiki huvumilia zaidi. Ndani utakuta bolti nne za spana namba 10. Zitoe, vuta redio taratibu, chomoa soketi na antena. Vumbi la huko nyuma lipanguse kwa brashi kavu.

Hatua ya 4: Kuzijua waya

Tulia hapa. Hapa ndipo redio mpya zinapokufa.

Redio za dukani zina mazoea yao ya rangi: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni umeme wa swichi, nyeusi ni ethi, yaani waya wa hasi unaokwenda kwenye bodi ya gari. Toyota nyingi zenye soketi mbili, ya pini 10 na ya pini 6, zina mazoea mengine kabisa. Umeme wa kudumu ni waya wa bluu wenye mstari wa njano. Umeme wa swichi ni wa kijivu. Ethi ni kahawia. Nyekundu, nyeusi na njano nazo zipo, ziko kwenye ile soketi ndogo, lakini ni waya za spika za nyuma!

Niliwahi kuletewa gari ambalo aliyetangulia alikata soketi zote mbili akaunga nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, njano kwa njano. Redio haikuwasha hata taa. Katika kuhangaika umeme ukapatikana kwingine, kisha waya za hasi za spika zikakusanywa zikafungwa kwenye bodi ya gari. Redio iliwaka, ikalia kidogo, ikanyamaza moja kwa moja. Kikuza sauti cha ndani kilikuwa kimeungua, kwa sababu redio hizi hutoa umeme kwenye waya zote mbili za spika, na hakuna hata mmoja unaotakiwa kugusa bodi. Kijana aliyekuwa na lile gari alidunduliza miezi kununua ile redio, na mimi sikuwa na la kumfanyia zaidi ya kumweleza kilichotokea.

Kwa hiyo chukua mita. Iweke kwenye volti za DC, 20. Waya mweusi wa mita gusisha chuma kitupu cha bodi, mwekundu upeleke kwenye pini moja baada ya nyingine.

Inayosoma kama volti 12.5 hata ufunguo ukiwa mfukoni ni umeme wa kudumu. Inayosoma sifuri, kisha ikapanda kufika 12 unapozungusha swichi hadi ACC, hatua ya redio kabla ya kuwasha injini, ni umeme wa swichi. Inayoamka unapowasha taa ndogo ni ya mwanga wa vitufe.

Sasa zima swichi, hamisha mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa waya. Pini ambayo na bodi inasoma karibu na sifuri ni ethi. Waya za spika zinakuja mbili mbili: kati yao utasoma omu 3 au 4, na kati ya yeyote na bodi usisome chochote. Kujua jozi ipi ni ya mlango upi, gusisha betri ndogo ya saa ya ukutani, ile ya volti 1.5, kwa nukta moja tu. Spika yake itatoa mlio mdogo wa "tup". Andika kila kitu kwenye karatasi, mimi hubandika na tepu kwenye kila waya.

Hatua ya 5: Unganisha

Kama duka lina soketi ya kubadilishia ya Toyota, nunua hiyo. Unaunga waya za redio mpya na za soketi hiyo ukiwa umekaa mezani, na za gari unaziacha nzima bila kukata. Hata ukitumia soketi hiyo, ifuatishe na karatasi yako.

Chomoa temino hasi ya betri. Sokota waya, chomelea kwa risasi, funika kwa mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto. Tepu peke yake kwenye joto letu huteleza gundi baada ya muda, waya zinabaki wazi nyuma ya dashibodi. Fyuzi iliyokuja na redio iache mahali pake.

Ukichanganya umeme wa kudumu na wa swichi, redio inaweza kuwaka vizuri, lakini kila ukizima gari inasahau stesheni na simu yako. Ukiunganisha zote mbili kwenye wa kudumu, redio haizimiki na ufunguo, na betri utaikuta imelala asubuhi.

Kuna waya mmoja wa handibreki, unaozuia video wakati gari linatembea. Wateja huniomba niuunge kwenye ethi ili video icheze muda wote. Siufungi hivyo, hata nikiongezewa pesa.

Hatua ya 6: Maiki

Hapa ndipo ubora wa simu unapoamuliwa, na ndipo mafundi wanapoharakisha. Maiki ya ndani ya redio, kile kitundu kidogo kwenye uso wake, iko mbali nawe na jirani na matundu ya kiyoyozi. Tumia ya nje yenye waya. Ibane juu ya kifuniko cha shina la usukani au karibu na kivuli cha jua cha dereva, ikielekea mdomoni. Isielekee tundu la upepo wala spika ya mlango, maana sauti ya mwenzako ikirudi kwenye maiki atajisikia anajijibu.

Ukipitisha waya kwenye nguzo ya kioo cha mbele, kagua kwanza kama imeandikwa SRS AIRBAG. Ikiwa imeandikwa, pita njia nyingine, chini ya dashibodi. Waya ukikaa mbele ya mfuko wa hewa unaweza kuuzuia kufunguka sawasawa.

Hatua ya 7: Simu na flashi

Rudisha temino, swichi ACC, washa. Kwenye simu tafuta jina la redio, linganisha namba zinazotokea pande zote mbili, kubali. Kisha ingia kwenye mipangilio ya kifaa hicho, hakikisha mazungumzo na muziki vyote vimeruhusiwa. Simu ikiita kwenye redio lakini muziki ukilia kwenye simu yenyewe, jibu liko hapo.

Muziki wa mtandaoni hukatika njiani, kwa hiyo weka flashi pia. Iandae kwa mfumo wa FAT32, kwani redio nyingi hazisomi NTFS, na tumia MP3.

Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kufunga fremu

Washa injini, kanyaga mafuta ukisikiliza. Mluzi unaopanda pamoja na injini kwa kawaida unatokana na ethi mbaya au chaja ya bei rahisi kwenye tundu la sigara. Chomoa chaja kwanza. Ukibaki, peleka ethi ya redio kwenye bolti ya chuma iliyokwanguliwa rangi. Kwa waliotumia AUX, kichujio cha kelele cha kuweka katikati ya waya huumaliza.

Kisha endesha. Nampa mteja usukani, mimi nabaki gereji na simu yangu, naye anaelekea Msalato huku ananipigia. Kwanza vioo vimefungwa, halafu anashusha cha kwake, kwa sababu kwa joto hili ndivyo atakavyoendesha. Nikimsikia vizuri kwenye mwendo wa barabara kuu, namwambia arudi tufunge bolti nne na fremu. Nikisikia upepo tu, maiki inahama, na anakwenda tena.