Somo: Jinsi ya kupata hela za utafiti wa Zama za Kati ukiwa Afrika Mashariki (ruzuku, tuzo na makongamano)

Wadau habari za muda huu, leo nashusha somo ambalo limekaa kichwani muda mrefu. Vijana wengi waliosoma historia, akiolojia, Kiarabu, dini na hata Kiswahili wanapitwa na hela kisa wakiona tangazo limeandikwa Zama za Kati (yani kama mwaka 500 hadi 1500 hivi) wanadhani ni mambo ya wazungu, mashujaa wa chuma na makasri, wanafunga kurasa wanaenda zao. Sasa jamani, Husuni Kubwa, lile jumba la sultani pale Kilwa, imejengwa mwanzoni mwa karne ya 14, Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, kapita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, Ethiopia wafalme wanachonga makanisa ya Lalibela, sarafu ya Kilwa imeokotwa hadi Great Zimbabwe, hizo zote ni Zama za Kati kama zilivyo za Venice na Paris. Na wenye hela siku hizi wanalijua hilo vizuri, ila hawatakufuata nyumbani, inabidi uwaendee wewe.

Twende hatua kwa hatua.

HATUA YA 1: Punguza mada mpaka ibaki kitu unachoweza kukigusa

Hapa ndo watu wengi wanakwama. Ukiandika "nataka kutafiti historia ya Waswahili" hupewi hata nauli ya daladala, maana msomaji wa maombi ana rundo mezani na haoni utafanya nini Jumatatu asubuhi. Lazima kuwe na mwaka, mahali na ushahidi.

Mfano chukua msikiti wa Kizimkazi kule kusini mwa Unguja. Ukutani kwenye kibla kuna maandishi ya Kikufi (mwandiko wa zamani wa Kiarabu) yaliyochongwa kwenye matumbawe, yana tarehe kabisa, mwaka 500 Hijria yani 1107 kwa kalenda ya kawaida. Herufi zina majani majani na mafundo, na mtindo wake wataalamu wanaufananisha na wa Siraf, bandari ya zamani ya Iran. Sasa wewe uliza: fundi aliyechonga alitoka ng'ambo au alikuwa mtu wa hapa hapa aliyejifunza? Utajuaje? Utalinganisha herufi gani na gani, na jiwe lenyewe ni tumbawe la wapi? Hapo tayari una proposo, yani andiko la kuombea utafiti. Au chukua sarafu za shaba za Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, kisarafu kidogo hata kwenye kiganja kinapotea, lakini maneno ya upande mmoja yana vina na maneno ya upande wa pili, yani ukigeuza unasoma kama shairi. Mtu aliyekaa akafikiria hivyo kwenye kitu kidogo namna ile anastahili kutafitiwa jamani, na ukiandika hivyo msomaji anakaa sawa kwenye kiti.

HATUA YA 2: Soma vya bure kabla hujaomba hela

Usiombe tiketi ya kwenda kuangalia hati ambayo ipo mtandaoni, watakuona hujafanya kazi yako. Endangered Archives Programme iliyo chini ya British Library imepiga picha hati za Msikiti wa Riyadha Lamu na ziko wazi kwa kila mtu, nyingi ni nakala za karne ya 19 lakini ndani yake kuna vitabu vilivyotungwa karne nyingi nyuma, kwa iyo mtu wa Zama za Kati ana cha kuokota. Wa Ethiopia aende Hill Museum & Manuscript Library ya Minnesota, wana hazina kubwa ya hati za Kiethiopia na unajisajili bure tu.

HATUA YA 3: Jua mlango wa kugonga

Hapa nitakaa kidogo maana ndo kiini cha somo.

Mlango wa kwanza ni vyama vya Zama za Kati vyenyewe. Mkubwa wa Marekani ni Medieval Academy of America, ulianza 1925, ndo wanaotoa jarida la Speculum. Wana ruzuku za tasnifu, za safari, na kuna moja napenda sana kuitaja, Belle Da Costa Greene Award, dola 2,000 kwa mtafiti asiye mzungu, kwa ajili ya utafiti na safari. Huyu mama Belle alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa maktaba ya Morgan kule New York na baba yake ndo mweusi wa kwanza kuhitimu Harvard College, mwaka 1870. Soma masharti ya uanachama kabla hujatuma, ada ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mwenye kazi.

Makongamano makubwa mawili yakae kichwani. Leeds Uingereza, kila Julai, lipo tangu 1994. Kalamazoo kule Michigan, kila Mei, lenyewe la tangu miaka ya 60. Leeds kwa kawaida abstrakti (muhtasari wa mada yako) ya mtu mmoja mwisho ni 31 Agosti na ya kikao kizima 30 Septemba, maana yake unaomba karibu mwaka mzima kabla, ukisubiri mwaka ugeuke umechelewa. Leeds wana basari (msaada wa gharama) kwa ajili ya wanafunzi, wasio na ajira na wanaotoka nje ya Ulaya Magharibi, inasaidia usajili, malazi na chakula, ila nauli ya ndege panga kuitafuta kwingine. Hapa Afrika kuna chama cha kusini, Southern African Society for Medieval and Renaissance Studies, wana kongamano na jarida lao. Kwa anayeanza mi naona huko ni pazuri kuliko kukimbilia Leeds, safari fupi na watu wanakusikiliza mpaka mwisho.

Mlango wa pili ni hela za akiolojia na historia ya Afrika, na kwa mtu wa pwani huu ndo mlango mpana. British Institute in Eastern Africa (BIEA) iko Nairobi, ndo taasisi aliyokuwa nayo Neville Chittick aliyechimba Kilwa, wana ruzuku ndogo za utafiti na maktaba ambayo ukiingia hutaki kutoka. IFRA, taasisi ya utafiti ya Wafaransa, ipo Nairobi pia, nayo husaidia wanafunzi wa masta na PhD wa ukanda huu kwenda fildi. Ukiwa PhD na kazi yako ina akiolojia ya kianthropolojia, mfuko wa Wenner-Gren wa Marekani wanatoa mpaka dola 25,000 za fildi na hawaangalii pasipoti. Gerda Henkel Stiftung ya Ujerumani wana skolashipu za Lisa Maskell mahususi kwa PhD za watu wa Afrika kusini mwa Sahara, Makerere na Stellenbosch wamekuwa washirika wao. Hii wadau isiwapite, maana unasoma hapa hapa barani.

Mlango wa tatu ni hela za sanaa na historia ya Kiislamu. Barakat Trust ya Uingereza, na Max van Berchem Foundation ya Geneva, hawa wa pili wanapenda sana maandishi ya kwenye mawe kwa sababu mwenye jina ndo baba wa fani hiyo kwa Kiarabu, ila wanataka uwe umeshamaliza PhD. Misikiti, makaburi ya nguzo, mihirabu, vyote vinaingia huku, na watu wetu hawaombi kabisa!

HATUA YA 4: Bajeti na karatasi zingine

Bajeti iwe ya ukweli. Usiandike "usafiri" halafu namba moja kubwa. Andika basi Dar kwenda Kilwa Masoko, boti ya kuvuka Kilwa Kisiwani, posho ya mtu wa kijijini anayekutembeza, chumba, kibali, betri za kamera. Anayesoma maombi akiona umeweka boti anajua unapajua.

Barua za referii (mwalimu anayekupendekeza) omba wiki sita kabla, mpelekee mwalimu proposo, CV na tarehe ya mwisho kwenye imeili moja, na ukimkumbusha mkumbushe kwa adabu, "shikamoo mwalimu, nakukumbusha ile barua" inatosha.

HATUA YA 5: Vibali

Tanzania Bara kibali cha utafiti ni COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na kama unachimba unahitaji leseni ya Mambo ya Kale pia, Zanzibar ina utaratibu wake mwenyewe. Kenya ni NACOSTI, tume ya sayansi ya kule, na kwa akiolojia unashirikiana na Makumbusho ya Taifa. Anza mapema kabla hela haijatoka. Viza ya Uingereza kwa kongamano ni ya mgeni wa kawaida, ambatisha barua ya mwaliko, barua ya basari na barua ya chuo inayosema unarudi kuendelea na masomo.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mtwara: Mkuu asante kwa somo. Mi nina digrii ya kwanza tu na GPA ya kawaida, nina nafasi kweli?

Jibu: Ipo kaka, ila usianzie kwenye mamilioni. BIEA wamekuwa na mpango wa kuwachukua wahitimu wachanga wafanye kazi na watafiti, angalia matangazo yao. Pia timu za kuchimba zinapokuja Kilwa, Songo Mnara au Pemba zinahitaji watu wa kuchora, kuosha vigae (vipande vya vyungu vya kale) na kuandika rejista, nenda kwa mwalimu wa akiolojia pale UDSM ukajitambulishe. Msimu mmoja wa kuosha vigae unakupa barua ya referii yenye uzito kuliko GPA.

Mdau wa Mombasa: Lazima nijue Kilatini?

Jibu: Kama mada yako ni Ulaya, ndiyo, na usidanganywe. Pwani yetu ni Kiarabu kwanza. Ethiopia ni Ge'ez, lugha ya kale ya huko. Na kama unagusa Kilwa ongeza Kireno cha kusoma, maana tarikhi ya Kilwa (historia ya masultani wake iliyoandikwa zamani) tunayo kwa njia mbili, nakala ya Kiarabu iliyoko British Library na habari alizoweka Mreno João de Barros kwenye kitabu chake cha 1552, na hazikubaliani kila mahali. Kutokubaliana huko ndo kuna mada nyingine za kuombea hela.

Mdau wa Dodoma: Kuna jamaa anadai nimpe laki na nusu anijazie fomu, eti ana watu ndani.

Jibu: Usimpe hata mia. Hakuna ruzuku hata moja niliyoitaja hapo juu inayopitia kwa dalali. Na kaa chonjo na makongamano ya uongo, unatumiwa imeili "abstrakti yako imekubaliwa" ndani ya siku mbili, kongamano la historia limechanganywa na uhandisi na udaktari wa meno, liko kwenye hoteli, halina chuo nyuma yake na wanataka ada leo leo. La kweli lina kamati yenye majina ya watu wanaofundisha vyuo unavyoweza kuvikagua, na programu za miaka iliyopita ziko wazi.

Mdau wa Kampala: Tuzo je? Au ni za wazee tu?

Jibu: Haskins Medal ya Medieval Academy ni ya kitabu kizito, hiyo iache kwanza. Ila wana Van Courtlandt Elliott Prize ya makala ya kwanza kabisa ya mtafiti, kwa iyo makala yako ya kwanza usiitupe kwenye jarida la kulipia, ipeleke pazuri. Kubwa zaidi kwa hela ni Dan David Prize, dola 300,000 kwa kila mshindi, hujiombei mwenyewe, unapendekezwa. Mwaka 2022 alipata Verena Krebs anayeandika kuhusu wafalme wa Ethiopia ya Zama za Kati, 2023 akapata Mkenya Chao Tayiana Maina, yeye kazi yake ni historia ya kidijitali na si ya Zama za Kati, lakini ni binti wa huku huku.

Mdau wa Arusha: Sina nauli kabisa mwaka huu, nikae tu?

Jibu: Hapana dada. Tangu korona Leeds na Kalamazoo yamekuwa na vikao vya kushiriki kwa mtandao. Jitahidi tu bando lisikatike katikati, nenda maktaba ya chuo siku hiyo. Na usitoke kikao kikiisha, uliza swali, omba imeili ya aliyewasilisha, siku mbili baadaye mwandikie aya moja kuhusu kazi yake. Wenzako wa vikao vya kesho unawapata hivyo.

Mdau wa Lamu: Naomba ushauri. Nyumbani tuna sanduku la vitabu vya babu, vya mkono, Kiarabu na Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Amekuja mtu anasema anafanya utafiti, anataka achukue akavipige picha mjini avirudishe. Mama anasita.

Jibu: Mama yuko sahihi, msalimie sana. Visitoke nyumbani. Mtafiti wa kweli anakuja na kamera na taa, anapiga picha hapo hapo sebuleni mkiwa mmekaa naye, na mnaandikishana karatasi: nani mmiliki, picha zitakaa wapi, mtapewa nakala zote, na jina la familia litatajwa vipi. Hata Endangered Archives Programme wenyewe msimamo wao ni kwamba asili inabaki nchini kwake na nakala ya kidijitali inabaki kwenye taasisi ya hapo hapo. Kwa sasa vitoeni kwenye sanduku kama lina unyevu, vifungeni kwa kitambaa safi cha pamba, visikae sakafuni, msibandike selotepu kwenye karatasi iliyochanika. Halafu nendeni pale Riyadha au makumbusho ya Lamu mkaulize, hati za kwao zilishapigwa picha kwa hiyo wanajua kazi inavyokwenda. Huyo mtu akikataa kufanyia kazi nyumbani kwenu, mwambieni asante na kwaheri.

Mdau wa Lamu: Nimemsomea mama. Kasema kesho tunakwenda Riyadha.

Jibu: Vizuri sana. Nendeni na kitabu kimoja tu cha kuonyesha, si sanduku zima, na andika orodha ya vilivyobaki kabla hamjatoka.