Somo: Kulala katika hoteli ndogo ya Mji Mkongwe, Unguja

Wageni wengi huiona picha ya kitanda cha samadari mtandaoni, wakalipa papo hapo. Wakifika wanakuta ngazi ndefu, chumba chembamba na ukuta unaopukutika unga mweupe, nao wanahisi wametapeliwa. Mara nyingi hawakutapeliwa. Wamelala katika nyumba ya karne ya 19 iliyojengwa kwa ajili ya ukoo na biashara, na hakuna aliyewaeleza. Nimefanya kazi ya mapokezi katika hoteli za namna hii na nazipenda sana, kwa hiyo nataka mgeni apate chumba kinachomfaa na nyumba isilaumiwe bure. Shika neno moja: katika Mji Mkongwe unachagua chumba, hoteli baadaye. Nyumba moja inaweza kuwa na vyumba kumi na hakuna viwili vinavyofanana.

Hatua ya 1: Ijue nyumba

Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita au zaidi. Sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, na ndiyo maana ukiomba vitanda viwili vikubwa vikae ubavu kwa ubavu utaambiwa haiwezekani.

Nyumba za Kiarabu hutazama ndani: nje kuna baraza na mlango wa kuchonga, katikati kuna ua. Nyumba za Kihindi zilikuwa na duka chini na roshani juu ya mtaa. Waingereza, walioshika utawala kwa jina la ulinzi kuanzia 1890 hadi 1963, waliacha majengo yao zaidi upande wa Vuga. Kwako wewe mlalaji, chumba cha uani ni kimya lakini upepo haukifikii vizuri. Cha roshani kina hewa, na kina kelele za mtaa.

Huo unga mweupe ukutani ni chokaa na chumvi. Jiwe la matumbawe hunyonya unyevu na chokaa huuacha utoke. Mwenye nyumba akipaka saruji, ukuta unapendeza kwa muda, kisha maji yanafungiwa ndani na jiwe linaoza. Kwa hiyo ukiona fundi anapiga chokaa, ujue nyumba hiyo inatunzwa. UNESCO iliuingiza mji huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na urithi wenyewe ni hizo kuta.

Hatua ya 2: Chagua mtaa

Shangani ni karibu na bahari, mikahawa na bustani ya Forodhani. Malindi ni hatua chache kutoka bandari ya feri. Kiponda, Hurumzi na Sokomuhogo ni ndani zaidi, katikati ya watu wanaoishi. Mimi ningelala huko ndani. Ukija Februari wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, weka nafasi mapema, na kama unapenda kulala mapema kaa mbali na Ngome Kongwe.

Hatua ya 3: Uliza kabla ya kulipa

Hapa ndipo safari inapoharibika au kutengenea. Nakili ujumbe huu:

"Assalaam alaykum. Naomba chumba kwa tarehe hizi. Kiko juu ngazi ngapi? Dirisha linatazama ua, mtaa au bahari? Kina kiyoyozi au feni? Umeme ukikatika, jenereta inaendesha kiyoyozi au taa tu? Intaneti inafika chumbani? Bei ya mkaazi ni shilingi ngapi, kodi zote zikiwemo?"

Swali la jenereta lina sababu. Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na kuanzia Desemba 2009 kisiwa kilikaa takriban miezi mitatu bila umeme wa gridi. Hali ya sasa ni bora, lakini usiku wa kaskazi, msimu wa joto wa Januari au Februari, bila hata feni ni mgumu. La intaneti nalo lisikupite, kwa kuwa ukuta mnene hukata mawimbi.

Usione haya kuuliza bei ya mkaazi, yaani ya anayeishi nchini. Bei nyingi za mtandaoni zimelenga wageni wa nje, na Mtanzania akipiga simu moja kwa moja mara nyingi hupata nafuu.

Hatua ya 4: Kufika

Gari haliingii vichochoroni. Taja mahali panapojulikana, kama Forodhani, Darajani au kanisa la Mkunazini, hoteli ikutumie mtu. Ramani ya simu hupotea humo. Mizigo mizito mpe hamali, mkubaliane bei kabla.

Hatua ya 5: Kuwa jirani

Ukuta wa hoteli yako ni ukuta wa nyumba ya mtu. Usisimame darini ukapiga picha ua wa jirani, watu wanaanika nguo na kuoga watoto pale. Ukipita barazani kwenye wazee, toa salamu kwanza. Adhana ya alfajiri utaisikia popote utakapolala.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Dodoma:* Shikamoo dada. Nakuja na mama, magoti yanamsumbua. Nichukue chumba cha chini?

Marahaba mdogo wangu. Fikiri mara mbili. Zamani chini palikuwa ghala na duka, watu waliishi juu, hivyo vyumba vya chini vina unyevu zaidi. Omba cha ghorofa ya kwanza tu, na uulize kama ngazi zina mkono wa kushikia. Waombe pia mama aletewe chai chumbani, kwa sababu kifungua kinywa mara nyingi kiko juu kabisa, darini.

*Mwanachama, Muscat:* Nyumba ya babu yangu sasa ni hoteli. Naweza kuingia kuiona bila kulala?

Karibu nyumbani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, na baadaye baadhi zikawa hoteli, kwa hiyo wafanyakazi wamezoea wajukuu wanaorudi. Nenda kati ya saa tano na saa saba mchana, wageni wameondoka na wapya hawajaingia, vyumba viko wazi. Jitambulishe kwa upole mapokezi. Kama una picha ya zamani ya nyumba, njoo nayo. Wahudumu wengi wanatamani kujua chumba gani kilikuwa cha nani.

*Mwanachama, Mwanza:* Nikija Ramadhani nitakula wapi mchana?

Hotelini mwako. Mikahawa mingi hufunga mchana, na si adabu kula njiani. Baada ya magharibi Forodhani hujaa urojo, mishikaki na maji ya miwa. Na kama unafunga, omba daku siku unayoweka nafasi, usingoje usiku wenyewe: mpishi wa nyumba ndogo huwa ameshakwenda kwake.