Kabla hujaagiza bloku ya maji ya kadi yako ya grafiki ukiwa Dodoma, ijue bodi kwanza

Mtu akishaamua kuipoza kadi yake kwa maji kitu cha kwanza anachofanya ni kuingia mtandaoni na kuandika jina la kadi, anaona bloku (kile kipande cha kopa kinachofungwa juu ya kadi na kupitisha maji) imeandikwa RTX 3090, picha kali, bei anaimudu, analipia. Hapo ndo hela za watu zinapopotelea. Bloku haikai kwenye jina la kadi, inakaa kwenye bodi, yaani lile bamba la saketi la kadi, na RTX 3090 ya ASUS Strix, ya MSI Trio, ya Gigabyte, ya Zotac na ile ya NVIDIA wenyewe ni bodi tofauti kabisa hata kama chipu ya katikati ni ile ile. Na kwetu huku ukikosea huwezi kurudi kesho yake kubadilisha, maana hizi bloku hazipo kwenye maduka ya kompyuta ya hapa mjini na hata Kariakoo kuzipata ni kwa bahati, zinatoka kwa Bykski kule China, Alphacool Ujerumani, EK Slovenia na wenzao, kwa hiyo mzigo ukifika ukakuta haukai ujue umeshasubiri wiki kadhaa, umelipia usafiri, umelipia kodi, na kuurudisha ni juu yako.

Ila kabla ya bodi jiulize kwanza kama kadi yenyewe inastahili. RTX 3060 inakula wati 170, RTX 4070 wati 200, kadi za namna hii feni zake zinatosha kabisa, safisha vumbi, badilisha pesti ya kupitisha joto, hela ya bloku nunua SSD. Maji yanaanza kuwa na maana kwa RTX 3080 yenye wati 320, 3090 wati 350, 4090 wati 450, na 5090 imefika 575. Na zaidi kama kadi inafanya kazi masaa mengi mfululizo, yaani wale wanaorenda michoro ya majengo usiku kucha au vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanaofundisha modeli za AI kwa sababu memori ya GB 24 ya 3090 inawafaa na kadi iliyotumika inapatikana kwa bei nafuu kidogo. Ukiwa unacheza gemu jioni kwa lisaa limoja tu halafu unazima, sioni haja.

Haya, bodi. Bloku ya fulu kava ni kipande kimoja cha kopa kilichochongwa ili kiguse vitu vitatu kwa wakati mmoja, chipu yenyewe, memori zinazoizunguka, na saketi za umeme zinazoilisha. Hivyo vitu havilingani urefu, kwa hiyo kopa imechongwa ngazi ngazi kufuata bodi moja maalum, na tofauti ya nusu milimita tu inatosha kuharibu kila kitu. Kama kuna kapasita imesimama mahali ambapo bloku iko bapa, bloku inaning'inia juu ya chipu bila kuigusa vizuri, na ukikaza skrubu kwa nguvu ili ishuke unaweza kuipasua chipu. Kuna jamaa wa Ilazo alinunua bloku ya 3090 ya bodi ya reference, yaani ule mpangilio wa kawaida ambao NVIDIA huwapa watengenezaji wengine, wakati kadi yake ni Strix, matundu manne ya skrubu kuzunguka chipu yaliingia fresh kabisa akajua amepata, kumbe upande wa kulia bloku imekalia koili na pembeni unaona mwanga unapita kati ya kopa na memori. Matundu ya katikati yasikudanganye, mara nyingi yanafanana kwenye kadi za chipu moja.

Sasa utaijuaje bodi yako. Geuza kadi usome stika ya nyuma, andika modeli nzima herufi kwa herufi, TUF sio Strix na Gaming X sio Gaming X Trio. Gigabyte wao wanaandika pia REV 1.0 au REV 2.0 na toleo jipya linaweza kuwa na mpangilio tofauti, kwa hiyo hiyo namba ni sehemu ya jina. Programu kama GPU-Z itakuambia chipu na mtengenezaji lakini haitoshi peke yake. Baada ya hapo tafuta picha ya bodi ikiwa uchi bila kipoza, tovuti ya TechPowerUp wakifanya mapitio ya kadi huwa wanaifungua na kuipiga picha, uilinganishe na picha ya upande wa chini wa bloku unayoitaka, fuata koili moja moja, fuata matundu, angalia soketi za umeme ziko ngapi na ziko wapi. Mfano 3090 za reference zina soketi mbili za pini 8, Strix ina tatu, na ile ya NVIDIA wenyewe ina soketi ndogo ya pini 12 na bodi fupi iliyokatwa kama herufi V mwishoni. Ukiona soketi hazifanani na za kwenye picha hapo hapo acha. Watengenezaji wakubwa wana orodha ya kadi zinazoingia kwenye kila bloku, isome hiyo na sio kichwa cha tangazo, halafu mtumie muuzaji picha ya stika yako akuthibitishie kwa maandishi kabla hujalipa.

Kama kadi umeinunua mkononi kwa mtu mi nashauri uifungue kabisa kabla ya kuagiza. Kadi nyingi zilizotumika zimeshapita kwenye mining (kuchimba sarafu za mtandaoni) na kwa mafundi, unakuta stika imetoka au kipoza sio chake cha mwanzo. Kuifungua kutakusaidia pia kujua kama kuna kutu, kama kuna padi za kupitisha joto zimechanika, na kama ina tatizo ulijue kabla hujaongeza gharama juu yake.

Kwa wenye 3090 kuna jambo lingine zito. Ile GB 24 imetengenezwa kwa vipande 24 vya GDDR6X vya GB 1 kila kimoja, 12 viko mbele vinaguswa na bloku, 12 viko mgongoni mwa bodi ambako bloku haifiki. Na hizi memori zina joto, zikifika nyuzi 110 kadi inajipunguza spidi yenyewe. Ndo maana unaweza kuona mtu chipu yake iko nyuzi 50 anafurahi huku memori ya nyuma inaungua na kazi inaenda taratibu. Kwa hiyo kwa 3090 usiulize bei ya bloku peke yake, uliza bloku pamoja na bakipleti yake, yaani bamba la kufunika mgongo wa kadi, na kama kazi yako ni AI au kurenda tafuta ile bakipleti inayopitisha maji pia, EK na Bykski wote wamewahi kuzitoa. Kama bajeti hairuhusu basi angalau bakipleti nene ya aluminiamu yenye padi nzuri na feni inayoipulizia moja kwa moja. 3090 Ti na 4090 hazina shida hii, memori zao ni vipande 12 vya GB 2 vyote viko mbele.

Upande wa madini ni mfupi ila usiupuuze, bloku iwe ya kopa au kopa iliyopakwa nikeli, na kila kitu kingine kinachogusa maji kiwe kopa, brasi au nikeli. Rejeta (ile yenye mapezi inayotoa joto la maji kwenda hewani) ya aluminiamu na bloku ya kopa kwenye maji yale yale zinakulana, aluminiamu inaliwa taratibu na uchafu wake unaenda kujaa kwenye bloku. Rejeta nyingi za bei chee ni aluminiamu hata kama tangazo halisemi, uliza. Kifuniko cha akriliki kinaonyesha maji yakipita na unaona uchafu mapema, ila ukikaza fitingi (viungio vya mipira ya maji) kupita kiasi kinapasuka, kile cheusi cha asetali kinavumilia zaidi na mi ningekichagua hicho kwa mtu anayefunga mara ya kwanza.

Maji sasa, na hapa wa Dodoma inabidi tuwe makini kuliko watu wengi. Maji yetu kwa sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe kwenye bonde la Makutupora, ni maji ya chini ya ardhi na chumvi yake tunaijua wote. Angalia chini ya jagi lako la umeme la kuchemshia chai, ule ukoko mweupe mgumu ambao ukiukwangua na kijiko unatoka magamba magamba. Ndani ya bloku juu ya chipu kuna mifereji iliyochanwa kwenye kopa, upana wake hata milimita moja haufiki, sasa fikiria huo ukoko ndani yake. Kwa hiyo maji ya bomba hapana, ya kisima hapana, na ya chupa ya kunywa pia hapana, soma lebo utakuta kalsiamu na magnesiamu zimeorodheshwa pale. Kinachotakiwa ni maji yaliyotoneshwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu na ya kuzuia mwani, au kulanti ya kompyuta iliyoshachanganywa. Iagize pamoja na bloku, ila uliza kabla maana wauzaji wengine hawasafirishi vimiminika kwa ndege, na hapo konsentreti ya chupa ndogo, dawa nzito unayoichanganya na maji mwenyewe, ndo inaokoa.

Kama maji yenyewe utayatafuta hapa, watu huwa wanaenda maduka ya spea kununua maji ya betri. Sawa, ila sema vizuri, maana muuzaji atakuuliza "kaka unataka makali au ya kuongezea?" na yale makali ni asidi. Unataka ya kuongezea, chupa iliyofungwa na yenye lebo inayoeleza ni maji yaliyoondolewa madini, sio yale ya kupimiwa kwenye dumu. Dawa ya kutu bado utaiweka.

Bloku nzuri bila rejeta ya kutosha ni hela bure. Mafundi wanakadiria rejeta ya milimita 120 kwa kila wati 100 hadi 150, kwa hiyo 3090 peke yake hesabu ya 360, yaani 120 mara tatu, na kama prosesa nayo inaingia kwenye mzunguko huo huo ongeza nyingine. Mi kwa Dodoma nahesabu upande wa rejeta kubwa zaidi, na sababu ni mbili. Oktoba na Novemba mchana nje ni nyuzi 31, 32, chumba chenye bati bila AC kinapita hapo, na maji hayawezi kuwa ya baridi kuliko hewa ya chumbani, yatakuwa juu yake kwa nyuzi 10 au zaidi. Halafu tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Dar, kwa hiyo feni ile ile inabeba joto pungufu kidogo. Lenga maji yasipite nyuzi 45 kazi ikiwa imepamba moto, na hilo ulipime saa nane mchana, usipime usiku.

Vumbi la kiangazi nalo halijali kama unatumia maji au feni, linahamia kwenye rejeta. Upepo wa Julai mpaka Oktoba unajaza mapezi ya rejeta mpaka hewa haipiti, chukua keisi yenye chujio za kuvutika na rejeta ambayo mapezi yake hayajabanana sana ili blowa iweze kuyasafisha.

Pima pia nafasi kabla ya kulipa. Bloku inaifanya kadi kuwa nyembamba lakini mdomo wa kuingizia maji unapanda juu, na fitingi zake za uzi wa G1/4 na mpira unaokunja vinahitaji nafasi mpaka kwenye kioo cha pembeni. Kwenye 4090 ongeza na waya wa umeme, usiukunje karibu na soketi, uache unyooke sentimita 3.5 hivi ndo upinde. Mipira nunua ya EPDM, ile myeusi, maana ile myepesi ya PVC inayoonyesha ndani huwa inatoa mafuta yake baada ya muda na yanakwenda kuganda kwenye mifereji. Taa ni hiari yako, ila taa ya rangi ya ARGB ya pini 3 ni volti 5, ukiichomeka kwenye ya volti 12 imeungua hapo hapo.

Mzigo ukifika usikimbilie kufunga. Hesabu skrubu, pima unene wa padi na ulinganishe na karatasi ya maelekezo, maana zinakuja za milimita 0.5, 1 na 1.5 kwenye pakiti moja na kwa macho zinafanana, padi nene sehemu ya nyembamba inainyanyua bloku yote. Iweke bloku juu ya bodi bila pesti kwanza, weka padi, kaza kwa msalaba kidogo kidogo, halafu ifungue uangalie kama kila memori imeacha alama kwenye padi yake. Ambayo haina alama haiguswi, na hiyo ndo kazi ya kumaliza kabla ya pesti. Ukishafunga mzunguko wote ujaze hewa kwa pampu ndogo yenye geji, kama bar 0.5 hivi, uiache nusu saa, sindano isishuke. Baadaye jaza maji uwashe pampu ya maji peke yake, kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi wa soketi ya pini 24 ya pawasapulai, mazabodi na kadi zikiwa hazina umeme kabisa, tishu nyeupe imezungushwa kila fitingi, usiku mzima. Waya wa spidi wa pampu uchomeke kwenye soketi ya CPU_FAN (ya feni ya prosesa) ya mazabodi ili pampu ikisimama mashine ikupigie kelele. Kipoza cha zamani na skrubu zake zote viweke kwenye boksi la kadi na uandike juu ni vya kadi gani, siku ya kuuza au ya kudai waranti utaviulizwa, na waranti yenyewe soma mapema kama inakubali kadi ifunguliwe.