Kabla hujanunua boti ya matanga ya faiba ya zamani: ikague hivi

Boti ya matanga ya faiba iliyoundwa miaka ya 1970 ni nadra hapa Tanga. Macho yetu yamezoea madau na ngalawa. Ukiuziwa yenye mikuku miwili (mapezi mazito yaliyo chini ya boti), kama Westerly Centaur ya futi 26 iliyoanza kuundwa Uingereza mwaka 1969, umebahatika: hiyo husimama wima yenyewe mchangani, ukaiona yote hadi chini.

Hatua ya 1: Subiri bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Maji ya Raskazone hujaa kama saa kumi alfajiri, yakapwa kama saa nne asubuhi. Mwenye chombo akiegeshe maji yangali juu, penye mchanga mgumu usio na mawe.

Hatua ya 2: Gonga. Chukua nyundo ya plastiki, anzia omo hadi tezi, shibiri kwa shibiri. Faiba nzima hulia mlio mkavu. Penye sauti iliyofifia, weka alama ya chaki. Sitaha nayo igonge, maana mara nyingi katikati ya faiba kuna ubao, na maji hupenya kwenye matundu ya skrubu yakauozesha. Ikibonyea ukikanyaga karibu na mlingoti, hesabu kazi ya miezi.

Malengelenge kwenye faiba inayokaa chini ya maji yasikutishe. Vaa miwani, toboa moja: maji yakinuka kama siki, unyevu umeingia kwenye rezini, gundi inayoshika faiba. Yakiwa machache hukwanguliwa, pakakaushwa vizuri, pakapigwa epoksi. Mimi hofu yangu iko kwenye mikuku. Inama utazame inapoungana na ubavu: mwanya, ufa, kutu inayochuruzika. Kisha ingia ndani, funua mbao za ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti), uangalie kuzunguka kila bolti. Ufa wa nyota hapo ukiuona, mimi nisingenunua.

Hatua ya 3: Nyaya za mlingoti. Zipitishie pamba; ikinasa, uzi umekatika. Zikiwa na zaidi ya miaka kumi, badilisha zote, hata zinazong'aa.

Injini iwashe ikiwa baridi. Mwenye boti akiwa ameshaipasha moto kabla hujafika, rudi siku nyingine.

Hatua ya 4: Maji yakianza kurudi, panda na tochi ukae juu ya ngama. Mbao za dau huvimba zikaziba zenyewe, faiba haivimbi. Tone likitokea, lifuate hadi linakoanzia na uweke alama kabla boti haijaelea.